Kioo cha Mtaa wa Vitasa

Tangu tramu ya Mji wa Kale ianze kutembea, Lubna Shee alikuwa hajaipanda hata mara moja. Kila alipokuja Mombasa kuwaona watu wake alizunguka kwa miguu, au alikaa tu Kisauni nyumbani kwa kaka yake bila kuvuka daraja. Watu wa ukoo walijua sababu na hawakumlazimisha. Uchimbaji wa njia ya tramu ile ndio ulioziangusha nyumba za Mtaa wa Vitasa, na ndani ya nyumba mojawapo alikuwamo mama yake.

Kwa hiyo asubuhi ile baba yake alipomwambia avae viatu waende wakatembee mjini kwa tramu, alidhani hakusikia vizuri.

"Kwa nini kwa tramu, Baba?"

"Kwa sababu miguu yangu imechoka, na tramu ni ya umma. Mimi hupanda kila siku."

"Kila siku?"

"Kaka yako hakukwambia?"

Kaka yake alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba mzee amepata nafuu. Anakula, analala, siku nyingine husikika akicheka peke yake akinyoa ndevu. Lubna, aliyekuwa daktari wa macho Nakuru na mwenye wagonjwa wengi kuliko saa za siku, alimshukuru Mungu na hakuuliza nafuu hiyo ilitoka wapi. Baba yake, Mzee Shee Mbwarali, alikuwa ameendesha kreni bandarini maisha yake yote ya kazi, na baada ya msiba alikuwa mtu wa kukaa ukutani akitazama mikono yake. Sasa alikuwa amesimama mlangoni, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawasawa, ametia na mafuta mazuri.

"Njoo nikutembeze mji wako, mamangu," alisema. "Umeusahau."

Lubna akavaa viatu.

*

Walipandia kituo cha Ngome. Behewa lilikuwa zuri, lenye ubaridi wa kupendeza, viti vya ngozi na nafasi ya kunyoosha miguu. Halikuwa na dereva wala utingo. Mzee Shee alipopita, mlango ulimsalimu kwa jina lake, naye akauitikia kama mtu anayeitikia salamu ya jirani. Lubna aliulizwa na kioo kidogo kama anakubali masharti ya safari. Chini ya swali kulikuwa na maneno marefu kama sura nzima ya kitabu. Nyuma yake watu walikuwa wakisubiri. Akaweka kidole.

Tramu ikaanza kwenda bila kutoa sauti, na madirisha yakawaka.

Watu waliviita Vioo vya Zama. Kwa nje vilikuwa madirisha ya kawaida. Kwa ndani kila kioo kilitupa mwanga wake kwa kila kiti peke yake, hivi kwamba watu wawili waliokaa bega kwa bega wangeweza kutazama dirisha moja na kuona vitu viwili. Walichokiona kilikuwa mji wa zamani: kuta mpya, milango iliyotoka kupakwa mafuta, roshani zisizo na ufa. Lubna aliona mwanamke akimwaga maji mlangoni, punda waliobeba chokaa, watoto wenye mbao za kuandikia wakikimbilia chuo cha Kurani. Akakunja uso, maana ule usafi ulimkera. Papo hapo punda wakatoweka, na mahali pao akaketi mganga wa zamani akimwosha mtoto macho kwa maji ya beseni la shaba, kwa mikono mitulivu ya mtu anayeijua kazi yake.

Kioo kilijua kazi ya Lubna. Lubna alitazama pembe ya dirisha akakiona kitundu kidogo cheusi, akaelewa. Kliniki kwake alikuwa na mashine yenye macho kama hayo, ya kufuatilia mboni za mgonjwa. Mboni ikitanuka, mtu amependezwa. Ikihama upesi, amechoshwa au ameudhika. Chini ya kiganja chake, mkono wa kiti ulikuwa na kibamba laini chenye joto, nacho bila shaka kilisoma mapigo ya moyo. Kioo hakikuwa kikimwonyesha zamani. Kilikuwa kikimjaribu, kama muuza vitambaa anavyomkunjulia mteja doti baada ya doti mpaka aone jicho lake limetua.

Kwenye viti vya mbele walikaa mke na mume kutoka Mwanza, wageni, walioanza kubishana kwa sauti ya chini.

"Umeona ngoma zile langoni?" mke aliuliza. "Na wale walinzi wamevaa meupe?"

"Ngoma gani, Kabula? Pale pana mizinga. Ngome nzima inawaka moto."

"Inawaka wapi? Watu wanacheza."

"Nakwambia kuna vita."

Mke alimgeukia Lubna. "Samahani dada, wewe ni mwenyeji? Hivi pale langoni palikuwa na vita au sherehe?"

"Palikuwa na yote, nyakati mbalimbali," Lubna alisema. "Ila leo kila mtu anaonyeshwa anachokipenda."

Mume akacheka akampiga mkewe bega. "Basi mimi ndiye niliyeona kitu cha maana." Mke hakucheka. Aliendelea kukitazama kioo, na sasa alikitazama kwa mashaka.

Tramu ilipinda ikaingia Ndia Kuu, kisha ikateremka polepole kuelekea Kibokoni. Mzee Shee aliketi wima. Alirekebisha kofia, akafuta midomo kwa leso.

"Sasa nyamaza kidogo," alimwambia bintiye.

Lubna aliutambua mtaa kabla hajataka kuutambua. Ile kona yenye ukuta uliovimba. Ule mlango wa kina Aboud wenye kitasa cha shaba kilichochakaa upande mmoja. Kisha nyumba yao, nzima, imepakwa chokaa, na barazani mama yake, Mwanamkuu, ameketi mbele ya cherehani, leso ya kijani mabegani, miwani imeshuka puani. Akainua uso.

"Leo umekuja na mtoto," mama yake alisema. Sauti ilitoka kwenye egemeo la kichwa, karibu kabisa na sikio, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, hata ule mkwaruzo.

"Nimemleta," Mzee Shee akajibu taratibu. "Amekonda, sivyo?"

"Anapendeza. Kila kitu kinapendeza."

Moyo wa Lubna ulikwenda mbio, na mkono wa kiti ukausoma, na kioo kikauelewa kwa namna kilivyofundishwa: mama yake akatabasamu zaidi, akainua kiganja kumpungia. Nyuma yake sauti nyingine, ya mwongozaji, ikasema kwa upole kwamba wakazi wa Mtaa wa Vitasa walihamia makazi ya kisasa kwa hiari yao, wakauachia mji kumbukumbu zao kama zawadi.

Juu ya kioo palikuwa na kidirisha chembamba cha kuingizia hewa iwapo umeme utakatika. Lubna alisimama juu ya kiti kwa viatu vyake, akavuta komeo, akachungulia nje.

Hapakuwa na baraza. Hapakuwa na mtaa. Palikuwa na uwanja wa saruji ya kijivu uliozungushiwa seng'enge, na juu yake mabehewa ya tramu yamepangwa yakioshwa. Wanaume waliovaa buti za mpira walikuwa wakiyapiga maji kwa mpira, na povu jeupe liliteremka juu ya saruji mpaka mtaroni.

"Shuka hapo, Lubna," baba yake alisema. "Watu wanatazama."

*

Waliteremka kituo kilichofuata. Lubna alisubiri mpaka tramu iondoke.

"Wanaosha magari yao juu ya nyumba yetu."

"Najua."

"Wanasema tulihama."

"Najua wanachosema. Sisikilizi ile sauti, namsikiliza yeye."

"Yeye nani, Baba? Yule si mtu. Walipata wapi sura yake?"

Mzee Shee aliketi kwenye benchi la kituo. "Kwenye picha zetu. Harusi ya kaka yako, Idi, zile video ulizompiga akishona. Mara ya kwanza nilipopanda, mlango uliniuliza kama nakubali. Nikaweka kidole. Nani husoma yale?" Akasugua goti. "Sikwenda kumtafuta. Nilikuwa natoka hospitali, mvua inanyesha, nikapanda. Tulipofika pale, akainua uso akanitazama."

"Na wewe ukaamini."

"Usinifanye mwehu." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa kali. "Najua mamako amekufa. Nilimtoa mimi, kwa mikono hii, wale wa kampuni wakisubiri mashine zao. Nilimfuta vumbi machoni kabla hawajamfunika. Wewe ulifika jioni ya pili ukakuta tumeshazika. Kwa hiyo usije ukanifundisha kwamba amekufa."

Lubna akalisogelea benchi. Aliketi kando yake.

"Amekuwa mpole mno," alisema baadaye. "Mama hakuwa hivyo. Angekuona umekuja na mtoto wake aliyekonda angetutukana sote wawili."

Mzee Shee alitazama reli. "Ni kweli," alisema. "Hagombi tena."

*

Ofisi za Kampuni ya Njia Kongwe, wenye tramu, zilikuwa ghorofani, mkabala na bustani ya Makadara. Kesho yake Lubna alipokewa na mkuu wa maudhui ya vioo, bwana mmoja wa makamo aitwaye Mwakio, aliyemwagizia chai na kumpa pole kwa sauti iliyoonyesha kwamba pole hiyo ameitoa mara nyingi. Lubna hakuigusa chai.

"Nataka mwondoe uongo wenu kwenye Mtaa wa Vitasa," alisema.

"Daktari, tume ya uchunguzi ilikwisha kusema. Nyumba zilikuwa nzee, na mvua ilikuwa kubwa."

"Tume ilisema nyumba zilianguka. Nyinyi mnasema watu walihama. Mvua ilituhamisha kwa hiari yetu?"

Mwakio alivua miwani. "Nitakueleza ukweli wa kitaalamu. Hatukuandika uongo huo. Hakuna mtu aliyeketi akaandika kwamba mlihama. Kioo kilianza na picha zote za mtaa ule, pamoja na za siku ile. Majirani walipiga picha nyingi. Lakini kila kilipozionyesha, abiria walihuzunika, na kioo kimeumbwa kiepuke huzuni. Kikajaribu hili, kikajaribu lile, mpaka kikapata hadithi ambayo hakuna aliyeikunjia uso. Ikabaki hiyo."

"Na nyinyi mliiona ikibaki."

"Tuliiona."

"Na picha za siku ile?"

"Zipo. Hakuna aliyesema hazipo. Hakuna tu anayeonyeshwa."

Alilisema bila aibu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa, na Lubna akahisi hasira imempanda mpaka masikioni. Watu kumi na mmoja walikuwa wamelala chini ya mawe yale. Hakuna aliyeamua kuwafuta. Walifutwa na starehe ya abiria, mkunjo wa uso baada ya mkunjo wa uso, na kila aliyekuwa na uwezo wa kusema neno aliona ni rahisi zaidi kunyamaza. Afadhali angekuta mtu mmoja mwovu, angejua wapi pa kutupa hasira yake.

"Kuna sheria," alisema. "Sheria ya Sura za Marehemu. Nimeisoma jana."

"Ipo," Mwakio alikubali. "Mjane au mtoto yeyote ana haki mbili. Ya kwanza, tumfute. Tunaweza kumfuta leo hii, bila usumbufu wowote."

"Na mtaa utabaki vilevile, bila yeye. Watu wengine wataendelea kuhama huku wakicheka."

"Ndiyo."

"Ya pili?"

Hapo alisita kidogo. "Ya pili ni kuifunga sura. Ukiifunga, kioo hakiruhusiwi kumwonyesha marehemu, wala mahali alipofia, bila kuonyesha alivyokufa, kwa ushahidi uliopo. Kwa abiria wote, wapende wasipende. Na mkataba wetu na jiji hauturuhusu kuzima kioo ndani ya Mji wa Kale." Akaisogeza chai yake kando. "Lakini fikiri, Daktari. Tunaona kwenye mfumo wetu abiria mmoja anayepita pale kila siku. Ni baba yako, sivyo? Ukiifunga, hatamwona tena barazani. Kila atakapopita atamwona akifa. Na sura ikishafungwa, sheria haina njia ya kuifungua."

"Unamtumia baba yangu kunitisha."

"Nakueleza kitakachotokea. Sahihi yako peke yako inatosha. Huna haja hata ya kumuuliza."

Akamsogezea kibao. Mahali pa kuweka kidole palikuwa pakimulika taratibu, kama pale mlangoni mwa tramu. Lubna aliinua mkono. Aliwaza mabehewa yakioshwa, povu likiteremka. Aliwaza Kabula wa Mwanza akirudi kwao na hadithi ya watu waliotoa nyumba zao zawadi. Kisha akamwaza baba yake akitia mafuta asubuhi. Kampuni ilikuwa imemtendea mzee yule kila kitu bila kumuuliza: ilimbomolea, ikamzika mke wake, ikamfufua mke wake. Je, na yeye bintiye amwongezee la kwake, vilevile, bila kumuuliza?

Akaurudisha mkono.

"Nitakuja naye," alisema.

*

Alimwambia baada ya swala ya alasiri, wakiwa wawili uani kwa kaka yake. Alimweleza yote, pamoja na lile la mwisho, kwamba haitafunguka tena. Mzee Shee alisikiliza mpaka mwisho.

"Hapana," akasema.

"Baba..."

"Nimesema hapana. Nilisimama mbele ya tume yao. Nikaeleza jinsi sakafu ilivyokuwa ikitetemeka usiku kucha, jinsi tulivyokwenda kwa wahandisi wao tukaambiwa turudi tukalale. Wakanisikiliza, wakanishukuru, wakaandika mvua. Sasa unataka mimi ndiye nilipe tena. Wao wanaosha magari, watalii wanafurahi, na mimi nimwone mke wangu akifa kila siku ili ukweli upate pa kukaa. Kwa nini ukweli ukae juu yangu?"

"Wengine nao watauona. Wote."

"Wataona, watasikitika, watashuka, watakunywa madafu."

"Labda," Lubna alisema. Alikuwa akilia bila kujificha. "Lakini sasa hivi hawasikitiki hata hicho kidogo. Wanamfurahia, Baba. Wanakaa pale na maji yao baridi wanamfurahia mama yangu."

Jirani upande wa pili wa ukuta alikuwa akikuna nazi, na mlio wa mbuzi ya kukunia ulisikika mpaka ukakoma.

"Umewahi kumuuliza?" Lubna akasema. "Yeye mwenyewe. Umewahi kumuuliza kilichotokea?"

"Kwa nini nimuulize?"

"Kwa sababu unasema humsikilizi mwongozaji, unamsikiliza yeye."

Alimwona baba yake akiligeuza lile neno moyoni, na aliona kwamba swali hilo halikuwa geni kwake. Alikuwa amelijua siku zote, akalikwepa siku zote.

*

Asubuhi ya pili walipanda tena. Mzee Shee hakutia mafuta. Hawakuzungumza Ngomeni, hawakuzungumza Ndia Kuu. Behewa lilipoteremka Kibokoni alikishika kibamba cha mkono wa kiti kwa nguvu, kama alivyokuwa akishika usukani wa kreni.

Mwanamkuu aliinua uso kutoka kwenye cherehani. "Mmekuja," alisema. "Karibuni."

"Mwanamkuu," mzee alisema. "Nataka kukuuliza neno."

"Niulize."

"Siku ile nyumba ilipoanguka. Uliniita?"

Picha ilitikisika kidogo, kama maji yaliyoguswa na kidole. Kisha mama akatabasamu.

"Nyumba gani ilianguka? Sisi tulihama. Tulipata nyumba nzuri yenye hewa, hukumbuki? Tulifurahi sana siku ile."

"Usiniambie hivyo."

"Ulibeba cherehani wewe mwenyewe. Ulikuwa ukiimba."

Mzee Shee aliinuka. Hakupaza sauti, lakini behewa zima lilimsikia. "Mke wangu hakuwa muongo," alisema. "Alikuwa na ulimi mkali, aligombana na mtaa mzima, hata na mimi aligombana kila siku ya Mungu. Lakini hakuwahi kunidanganya kwa jambo lolote. Hata nilipotaka anidanganye." Alikuwa akimwambia nani, Lubna hakujua. Labda kile kitundu cheusi cha pembeni. "Mmemchukua sura, nikanyamaza. Mmemchukua sauti, nikaja kuisikiliza kama mlevi. Sasa mmemtia uongo kinywani."

Barazani Mwanamkuu aliendelea kutabasamu, akimwambia kwamba kila kitu kinapendeza.

Waliteremka Makadara, wakapanda ngazi za ofisi, mzee akitangulia. Mwakio alipoanza kumpa pole, Mzee Shee alimkatiza.

"Kidole gani?" aliuliza. "Nionyeshe pa kuweka."

*

Kampuni ilikata rufaa, ikashindwa. Baada ya hapo ilitangaza kwamba safari za Mji wa Kale zina sehemu inayoweza kuwasumbua baadhi ya abiria, na siku ya kwanza Lubna aliomba ruhusa kazini akaja kutoka Nakuru. Alitaraji kwenda peke yake. Alimkuta baba yake kituoni amekwishafika.

"Si lazima, Baba."

"Panda."

Behewa lilikuwa limejaa watalii wa kutoka bara na wa nje, na familia moja ya Voi iliyoleta bibi yao kuona mji. Ngomeni kila mtu aliona lake. Ndia Kuu watu walicheka, walielekezeana vidole, walipiga picha. Kisha tramu ikateremka, na kwa mara ya kwanza tangu ijengwe, madirisha yote yakaonyesha kitu kimoja.

Ilikuwa picha ya simu, iliyotetemeka. Mtaa wa Vitasa alfajiri, vumbi likitoka kwenye nyufa. Watu wakipiga milango wakiitana majina. Mwanamkuu alitoka barazani akiwa amejifunga leso moja tu, akamsukuma mtoto wa kina Aboud barabarani, akageuka akarudi ndani. Kisha ukuta uliovimba ukafunguka. Baada ya hapo hapakuonekana kitu ila weupe, na ndani ya weupe sauti ya mwanaume akiita jina la Mwanamkuu tena na tena.

Lubna alifumba macho. Alipoyafumbua, baba yake alikuwa akitazama. Hakugeuza uso. Shavu lilimcheza, na viganja vyake vilikuwa vimelala magotini, mbali na kibamba cha kiti, kisipate kumsoma.

Mwanaume mmoja mwenye kofia ya jua alivunja kimya. "Sisi tumekuja kutembea," alilalamika. "Tumekuja kuona mji. Hii ya nini?"

"Basi tazama," Mzee Shee alimwambia. "Ndio mji wenyewe."

"Mzee, kila mtu ana matatizo yake. Nimekuja na watoto."

"Na yule aliyesukumwa nje alikuwa mtoto. Yu hai, anaishi Malindi." Sauti ya mzee ilikwaruza. "Unataka nikuombe radhi kwa mke wangu kukuharibia matembezi?"

Tramu ilifika kituo cha Makadara, milango ikafunguka, mwanaume yule akashuka na watu wake bila kuangalia nyuma. Wengine wawili walimfuata. Waliobaki hawakujua watazame wapi, maana madirisha yalikuwa yamerudi kuwa vioo vya kawaida, na nje palikuwa na watu wakienda kazini.

Ni bibi wa Voi aliyesogea. Alikuja akishikilia viti kwa mikono, akaketi mkabala na Mzee Shee.

"Pole, kaka," alisema. "Alikuwa nani, yule mama?"

Lubna aliona jinsi baba yake alivyotafuta pa kuanzia, na akakumbuka kwamba tangu siku ile watu walikuwa wamemuuliza mambo mengi: nyufa zilikuwa wapi, mvua ilinyesha kiasi gani, nani alimwambia nini. Hili hakuna aliyewahi kumuuliza, wala yeye bintiye.

"Aliitwa Mwanamkuu," baba yake alisema. "Wiki ya kwanza kumjua alinitukana. Nilikuwa nimempelekea kanzu aipunguze, nikamwambia ameipunguza sana. Akaniambia kanzu haina kosa, ni mimi niliyenenepa katikati ya wiki." Akacheka kidogo, macho yamejaa. "Nikarudi siku ya pili na kanzu nyingine. Nikarudi na ya tatu. Sikuwa na kanzu zaidi ya tatu, ikabidi nikaazime kwa rafiki yangu, na ile ya kuazima ndiyo iliyoniumbua, maana ilikuwa ya mtu mrefu."

Lubna alikuwa hajawahi kuisikia hadithi hiyo. Mlango ulilia kwamba unajifunga, na hakuna mwingine aliyeinuka. Bibi wa Voi aliweka mkoba wake chini.

"Akasema nini alipoiona?" aliuliza.